Nimeikata Baiskeli ya Baba Yako

Mkuyuni, Ijumaa jioni

Kabula,

Sikuulizi hali. Hali yako nimeiona leo mchana, umesimama katikati ya sebule yangu na kipande cha foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, mkononi, unanitazama kama watu wanavyomtazama kibaka aliyekamatwa sokoni. Ulipoingia hukunipa shikamoo. Ulipotoka hukuniaga. Sasa uko Igogo kwa shangazi yako, na kwa ninavyomjua, amekwisha kukuambia kwamba mama yako alikuwa hivi tangu zamani. Mwambie hajakosea.

Umesema hutaki kuniona stendi ya Nyegezi kesho asubuhi. Sawa, sitakuja. Ndiyo maana naandika. Tukizungumza huwa unanikatiza kabla sijamaliza sentensi. Karatasi haikatizwi. Unaweza kuichana, lakini hapo utakuwa umeamua mwenyewe kutojua.

Mambo ya kula, kufua na kulala mapema siandiki. Kwa umri ulionao, kama hujui kufua soksi zako hutajifunza kwa barua. Nakuandikia habari za baiskeli, kwa sababu ndizo habari pekee ambazo mimi na wewe tumeweza kuzungumza bila kugombana, mpaka wiki hii.

Nianze na ile ya chuma. Ile uliyoiita "dude" juzi, mbele ya wageni.

Fremu yake uliichagua wewe. Ulikuwa bado uko shule ya msingi, tukaenda kwenye mitumba ya baiskeli za Kijapani, muuzaji akatuonyesha zile zenye kikapu mbele. Wewe ukapita nyuma yake, ukavuta fremu tupu iliyokuwa imelaliwa na nyingine, haina magurudumu, haina usukani, ina kutu pale chini inapopita mikono ya pedali, krenki. Ukainyanyua kwa mikono miwili ukasema, "Mama, hii nyepesi." Muuzaji akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaona mabomba yake jinsi yalivyokuwa membamba katikati na manene kwenye maungio. Chuma cha namna ile hakitengenezwi kwa mtu wa kubeba magunia ya mkaa. Kilitengenezwa kwa mtu wa mbio, na jinsi kilivyofika Mwanza hakuna ajuaye.

Tuliikwangua kutu kwa msasa likizo nzima. Krenki tulizitoa kwenye baiskeli iliyogongwa. Rimu nilizipata kwa fundi mmoja wa hapa Mkuyuni ambaye alizitundika ukutani kama pambo. Spoki nilizisuka mwenyewe, nikizisuka na kuzisukua, mpaka gurudumu likazunguka bila kuyumba, na wewe ulikuwa umekaa sakafuni ukishika ukucha karibu na rimu kupima kama inakwaruza. Gololi za habu, vile vitovu vya magurudumu, nimekuwa nikizitoa kila likizo, naziosha kwa mafuta ya taa, nazipaka grisi mpya. Vijiti vya kubadilishia gia viko kwenye fremu, mtindo wa zamani, ndiyo. Unalazimika kuachia usukani mkono mmoja. Lakini hakuna siku vilikataa. Ulipowaacha wasichana wa Shinyanga kwenye kile kilima cha Kisesa ulikuwa umepanda hiyo. Dude.

Na usiniambie kwamba naipenda kwa sababu sijui nyingine. Kundi letu la Jumamosi lina kila ugonjwa. Mzee Rwegasira hataki kusikia neno lolote ila aluminiamu, na hata akiwa amechoka vipi, akifika Usagara anaanza kuifuta kwa kitambaa kabla hajanywa maji. Dada Neema muuguzi anasema tairi nyembamba ni ujinga wa wanaume, na kwa matope ya kwetu yuko sahihi. Wote hao nimewasikiliza. Nimeendesha baiskeli zao. Ya Mzee Rwegasira inapanda vizuri lakini inakupiga mgongo kama gari la mkokoteni. Ya Neema inakalika lakini ukitaka kumfukuzia mtu ni kama umefungwa jiwe. Kwa hiyo ninaposema chuma, nasema baada ya kuonja.

Halafu akaja baba yako.

Unaikumbuka Jumamosi ile vizuri kuliko mimi, maana mimi nilikuwa natazama uso wako. Tulikuwa tumesimama Usagara tunakunywa chai, akatokea barabarani amevaa nguo za timu ya Arusha, mtu ambaye tangu una miaka minne alikuwa sauti ya kwenye simu siku za sikukuu. Akashuka. Akainyanyua baiskeli kwa kidole kimoja. Kidole kimoja, Kabula, kama anamnyanyulia mtoto kikapu! Mzee Rwegasira akasahau aluminiamu yake akasogea. Neema akasogea. Nyeusi, na mstari mwekundu kwenye foku, waya zote zimefichwa ndani, gia zinabadilishwa kwa kubonyeza kidogo tu pale vidole vilipo, meno ya nyuma kama sarafu mpya. Kaboni tupu.

"Ya nani hii?" ukauliza.

"Ya binti yangu," akasema.

Nilikuona. Hujawahi kunitazama hivyo mimi hata siku moja, na mimi nilikusukia spoki moja moja.

Akasema timu imemruhusu alete msichana mmoja wa majaribio, na huyo msichana ni wewe. Sikukataa. Kumbuka hilo utakapokuwa unanihesabia makosa huko Arusha. Sikukataa uende. Una miguu ya kwenda. Nilichokataa ni kile ulichopewa cha kuendea.

Sasa nikueleze kwa nini, na hapa ndipo utakapotaka kuichana karatasi.

Mimi na baba yako tulikutana kwenye baiskeli, hilo unalijua. Usilolijua ni jinsi tulivyokuwa wagonjwa wa uzito. Masanja alikuwa anapima kila kitu kwenye mizani ambayo bibi yako alipimia dagaa. Pedali, siti, hata skrubu za vishikio vya breki. Akisikia kwamba kitu fulani kinaweza kupungua, halali usingizi. Mwishowe akaazima drili, akaanza kutoboa. Alitoboa krenki. Alitoboa sahani ya meno ya mbele mpaka ikawa kama chujio la chai. Alitoboa vishikio vya breki, akatoboa nguzo ya siti. Nilipokuwa nashuka mlima kwa kasi ile baiskeli ilikuwa inapiga mluzi.

Na usidhani nilikuwa nimekaa jikoni. Nilikuwa nazishika kwa koleo, yeye anatoboa, vumbi la aluminiamu linatuingia kwenye nywele, tunacheka. Nilizipenda zile tundu. Wasichana wengine walikuwa wanakuja kwenye mbio na baiskeli nyeusi za Kihindi zilizotoka kubeba mihogo, na mimi nakuja na kitu kinachopiga mluzi. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Alipofika kwenye shingo ya usukani, kile kiungo kinachoushika usukani na kuufunga kwenye foku, nilimuuliza, "Hiyo nayo itahimili?"

"Itahimili," akasema.

Nikamwamini. Si kwamba alikuwa na ushahidi wowote. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kushinda, na alikuwa ananiambia kile nilichotaka kusikia. Shika hapo, Kabula. Usikimbilie kusema ni yeye tu.

Yalikuwa mashindano ya wanawake kutoka Sengerema mpaka Kamanga, tunamalizia pale kivukoni. Barabara ya vumbi na kokoto, na mwishoni unashuka kuelekea ziwani. Nilikuwa wa kwanza. Nyuma yangu kulikuwa na mwanamke mmoja wa Kwimba ambaye nilikuwa nikimchukia kwa mapaja yake, na nilikuwa nikisikia cheni yake inavyolia. Nikasimama kwenye pedali ili nimwache. Nikavuta usukani. Ukatoka.

Sijui kama unaweza kuelewa. Usukani ulibaki mikononi mwangu kama kuni niliyookota. Gurudumu la mbele likaenda linakotaka. Mimi nikaenda na uso.

Taya lilivunjika, na meno haya manne ya mbele unayoyaona nikiyatoa usiku yalibaki kwenye kokoto za Kamanga. Wakanipakia kwenye kivuko kunirudisha mjini. Nililala sakafuni katikati ya matenga ya nyanya, kitenge cha mtu nisiyemjua kimebanwa mdomoni, nachuruzika. Baba yako alichuchumaa karibu yangu. Alikuwa na gurudumu la mbele mikononi. Akalizungusha. Akalitazama kwa jicho moja.

"Rimu haijapinda hata kidogo," akasema.

Mimi nilikuwa siwezi kusema. Nikamtazama tu. Nadhani aliona kitu usoni mwangu, kwa maana aliniwekea mkono begani akaongeza, "Angalau ulikuwa unaongoza."

Hakuwa anatania. Alikuwa ananifariji. Ndicho kilichonitisha, na kinanitisha mpaka leo. Masanja si mtu mbaya wa kupiga watu. Ni mtu ambaye anaweza kukuona umelala kwenye damu na akakuona mahali ulipokuwa kabla hujaanguka.

Nilikaa naye miaka mingine baada ya hapo, nikakuzaa wewe, akaondoka kufuata milima ya Arusha. Na wewe ulipoanza kuniuliza meno yangu yalikwenda wapi, nilikujibu, "Nilianguka." Basi. Sikukuambia nani alikuwa ameshika drili. Nilijiambia mtoto asikue na chuki ya baba yake. Matokeo yake umekua unamwota, na mtu anayeotwa hana kosa. Mimi ndiye niliyekuwa hapa kila siku nikikukaripia, kwa hiyo makosa yote yakawa yangu. Hilo nililipanda mwenyewe na wiki hii nimelivuna. Sikuombi unionee huruma. Nakueleza tu lilivyotokea.

Sasa tuje juzi.

Uliniachia ile baiskeli nyeusi nibadilishe mipira ya breki. Uliniachia mimi, kumbuka, hukumpelekea fundi, maana ukitaka kazi ifanyike bado unajua nyumba ilipo. Nilitoa gurudumu la mbele, nikafuta foku kwa kitambaa. Kitambaa kikakwama kidogo mahali, juu ya mguu wa kushoto, karibu na pale miguu miwili inapokutana. Rangi pale ilikuwa nene kuliko kwingine. Nikachukua sarafu nikaanza kugonga, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Kaboni nzima inalia kavu, tik, tik, tik. Nilipofika pale ikalia kama nagonga kiatu kilicholowa.

Nikachukua wembe, nikakwangua. Chini ya rangi kulikuwa na puti. Puti ya magari, Kabula, ile ile wanayojazia daladala zilizobonyea milango. Na chini ya puti kulikuwa na ufa unaozunguka nusu ya mguu.

Nilikuonyesha. Hukuwa na dakika mbili za kuinama utazame. Ulikuwa unakula, ukasema, "Mama, huo ni mkwaruzo wa rangi."

Nikakuambia, "Weka kijiko chini uje."

Ukasema neno moja. "Wivu."

Nikampigia baba yako, ukasikia mwenyewe, nilikuwa nimeweka sauti kubwa. "Mwalimu," akasema, ananiita hivyo akitaka kunidharau, "hiyo ni rangi tu. Wewe umebaki kwenye zama za chuma. Mwache mtoto." Na wewe ukacheka. Kicheko kidogo, cha puani. Nimefundisha hisabati muda mrefu, nimechekwa na madarasa mazima, lakini sijawahi kusikia kicheko kinachonikaa hivyo.

Kwa hiyo leo asubuhi ulipokwenda kuagana na wanakwaya wenzako, nilifunga mlango, nikaibana ile foku kwenye meza, nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata pale pale penye ufa.

Nakuambia ukweli: sikuwa nalia, na sikuwa nasali. Nilikuwa na hasira. Nilikata kwa raha. Mguu ule ulikatika kirahisi kuliko nilivyotegemea, na hiyo ikanitia hasira zaidi, kwa sababu kama mimi mama mtu mzima nimeukata kama muwa, ungefanya nini kwenye mteremko?

Mkaja wawili, wewe na baba yako. Yaliyofuata unayajua, lakini nayaandika kwa sababu nataka uyaone bila kelele zako.

Uliona baiskeli kwanza, halafu msumeno. Ukapiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Umeniua, mama! Umeniua!" Nikasema, "Itazame ndani." Hukuitazama. Ulikuwa unatembea huku na huko umeshika kipande kile. Nikamwambia baba yako, "Basi itazame wewe." Na yeye hakuitazama. Hapo nikajua. Mtu asiyejua angetazama. Fundi yeyote, hata mpita njia, angetaka kuona.

"Ulijua," nikamwambia.

Akakaa kwenye mkono wa kochi. Akasema, "Kuna kijana wa timu aliangukia nayo. Walitaka kuitupa. Nimeitengeneza mwenyewe, nimeiweka gundi, nimeijaza vizuri. Ingehimili majaribio. Akishaingia kwenye timu atapewa mpya."

"Ingehimili," nikasema.

"Ingehimili."

Kwa mara ya kwanza tangu uingie ulinyamaza, ukaugeuza ule mguu wa foku ukatazama pale nilipokata. Uliiona puti. Najua uliiona kwa sababu uliigusa kwa kidole na ikabaki kwenye ukucha. Na mimi, mjinga, nikadhani yamekwisha. Nikadhani sasa utanigeukia mimi.

Ukaniambia, "Baba alikuwa anajaribu kunipa nafasi. Wewe umejaribu lini? Wewe unajua kukagua tu."

Ukaweka kile kipande mezani, taratibu, ukamwambia, "Twende, baba." Mkatoka.

Hilo ndilo nililolibeba mchana wote. Ufa uliokuwa kwenye foku nimeukata kwa dakika chache. Hili neno lako halina pa kushikia msumeno. Nataka ujue kwamba limeniumiza, na nataka likukere kidogo kwamba limeniumiza. Usipokereka, basi sijui nimelea nini.

Sasa nikuambie yaliyotokea baada ya nyinyi kuondoka, maana najua baba yako hatakusimulia.

Alirudi peke yake, kwa miguu. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mwalimu, mpe ile ya chuma."

"Aje aiombe mwenyewe."

"Hawezi. Kiburi alichonacho si changu."

Nilitaka kumfungia mlango. Nikamwambia kwamba ile ya chuma haitoki humu ndani mikononi mwake mpaka nimemwona anaikagua nukta kwa nukta, na akigusa drili naita watu. Nilisema hivyo kumwaibisha. Nilitaka apige magoti mbele ya kazi yangu, aikague yote akose cha kusema, aniambie kwa mdomo wake kwamba ni nzima.

Akapiga magoti. Ana magoti mabovu siku hizi, yalilia. Akaanza nyuma. Cheni akaipima kwa kuivuta juu ya meno, akatikisa kichwa kukubali. Akazizungusha habu, akasikiliza. Akazipita spoki zote kwa kuziminya mbili mbili, na mimi nimesimama juu yake, mikono kiunoni, nimejaa sifa. Akafika mbele. Akabinya kishikio cha breki. Akakibinya tena. Akakifungua.

"Njoo uone," akasema.

Waya wa breki ya mbele, pale unapoingia ndani ya kishikio, pale ambapo huwezi kuona mpaka ukivue kifuniko cha mpira, ulikuwa umekatikakatika. Zilikuwa zimebaki nyuzi mbili.

"Nani huwa anaikagua hii?" akauliza.

"Mimi."

Angesema, ningejua la kumjibu. Aliendelea kupiga magoti pale, ameshika zile nyuzi mbili, na mimi nikawa nafikiria mteremko wa Kisesa. Kila Jumamosi umeushuka, na mimi nyuma yako, natazama mgongo wako, najisifu kimoyomoyo kwamba mwanangu yuko juu ya kitu ambacho nimekishika kwa mikono yangu hii. Nimezifungua habu, nimeziosha gololi, nimepima spoki. Kifuniko kile sijakivua sikumbuki tangu lini. Nilikuwa nakagua vile vitu ambavyo najua kuvikagua vizuri.

Nilimchukia zaidi ya nilivyowahi kumchukia. Kule Kamanga alikuwa amekosea na mimi nilikuwa na haki. Leo alikuwa sahihi, sebuleni kwangu, kwenye baiskeli yangu.

Nikaleta waya mpya. Yeye akaupitisha, mimi nikashika mwisho, akakaza, nikakata kipande kilichozidi. Kazi ilikwenda upesi, mikono yetu bado inakumbuka kupokezana spana. Sipendi kwamba inakumbuka.

Alipomaliza akasema, "Kuhusu Kamanga, nitamwambia mwenyewe njiani."

Nikamwambia, "Utamwambia kuhusu rimu. Mimi nitamwandikia kuhusu meno."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. Amekwenda madukani kutafuta boksi kubwa la kuifungia. Akirudi nitampa na hii barua, na nitaibandika gundi, maana simwamini kwa karatasi kama nisivyomwamini kwa foku.

Kwa hiyo unaondoka na dude. Kama unaona aibu kufika nalo mbele ya watu wa kaboni, ona aibu, itakupandisha milima. Kocha akicheka vijiti vya gia, mwache acheke mpaka mteremko wa kwanza. Na wakikupa nyingine, mpya, inayong'aa, ipokee. Sisemi uikatae. Kaboni si adui yangu. Nimeendesha ile nyeusi siku moja ulipokuwa umelala, hukujua, nilifika mpaka Buhongwa na nikarudi natabasamu kama mwehu. Ni kitu kizuri. Ndiyo maana nilikata kwa hasira vile.

Neno lako la leo sijalisamehe. Hujaniomba msamaha na mimi sijakuomba kwa ule msumeno, wala sitaomba. Ningeikata tena kesho. Inawezekana ni kweli najua kukagua tu. Inawezekana yeye anajua kutoa nafasi tu. Umezaliwa na watu wawili wa namna hiyo, na bahati mbaya ndio hao hao uliopewa.

Lakini ukifika Arusha, kabla hujaipanda, tafuta mahali penye mwanga, kaa chini, uifungue yote. Vua vifuniko vyote. Mimi nimeiangalia miaka yote hiyo na sikuona. Yeye ameiangalia leo akaona, na mikono yake ndiyo iliyojaza puti. Usiniamini mimi. Usimwamini yeye. Ifungue wewe, uitazame kwa macho yako, halafu uifunge wewe.

Namsikia uani anakokota boksi. Bado nimekukasirikia, Kabula. Nadhani nitakukasirikia kwa muda mrefu.

Nenda.

Mama yako